Kuandika Wimbo kwa Namba na Kuupiga Katika Ufunguo Wowote: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Gitaa

Wapiga gitaa wengi wanaojifunza kuandika nyimbo kwa namba, badala ya herufi za kodi (chords), hukwama mahali pamoja. Huchukua karatasi ya kodi za gitaa, hugeuza kila herufi kuwa namba, kisha mwimbaji anapoomba wimbo ushushwe kidogo hurudi kuhesabu kwa vidole huku wimbo ukiwakimbia. Wameifanya namba kuwa msimbo wa kutafsiri herufi, ilhali kwa wapiga gitaa wa studio za Nashville, mji wa muziki wa kantri nchini Marekani, namba ilikuwa jina la kile ambacho sikio limekwisha kukisikia. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapiga au utababaika.

Mwongozo huu unafuata njia ya wapiga gitaa hao: unasikiliza, unahesabu, ndipo unaandika. Watu kama Grady Martin, Hank Garland, Harold Bradley na Ray Edenton, ambao magitaa yao yamo katika rekodi nyingi za kantri na roki za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliingia studio bila kuujua wimbo, wakausikia mara moja au mbili, wakaanza kazi. Kikao cha muda wa saa tatu kilitarajiwa kutoa hadi nyimbo nne. Mfumo wa namba ulianzishwa na Neal Matthews Jr. wa kundi la Jordanaires kwa ajili ya kupanga sauti za waimbaji, na Charlie McCoy akaueneza kwa wapiga vyombo. Kuhusu asili yake, hayo yanatosha.

Ninachukulia kwamba tayari unaweza kupiga kodi za kawaida na kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine bila kusimama. Kama bado, fanya hilo kwanza, kwa sababu hakuna hatua hapa chini itakayoziba pengo hilo.

Vitu vya kuandaa

- Gitaa lililotyuniwa vizuri. Likiwa juu au chini ya rekodi hata kidogo, hatua ya kwanza itakudanganya.
- Kapo moja imara, yaani kibano kinachoziba nyuzi zote kwenye freti moja.
- Penseli na kifutio. Usitumie kalamu ya wino, kwa maana utakosea na utafuta, na karatasi yenye mikato haisomeki pale vyombo vinapokuwa vinalia.
- Karatasi nyeupe isiyo na mistari, kwa kuwa mistari ya daftari huchanganyikana na alama tutakazoweka.
- Simu na spika za masikioni. Spika ya simu yenyewe haitoi besi, na besi ndiyo tutakayoifuata.

Unahitaji pia wimbo mmoja wa kujifunzia. Ninapendekeza "Heartbreak Hotel" wa Elvis Presley, uliorekodiwa Nashville tarehe 10 Januari 1956, Scotty Moore akiwa kwenye gitaa la umeme na Chet Atkins kwenye ridhimu. Ubeti wake una vipimo (bars) vinane tu na kodi tatu, besi yake inasikika wazi, na vyombo vinasimama na kuingia kwa namna itakayokufundisha alama ambazo nyimbo rahisi hazina.

Hatua ya 1: Tafuta sauti ambayo wimbo unarudi kupumzika

Weka gitaa pembeni. Sikiliza wimbo mzima mara moja bila kufanya lolote, kisha usikilize tena, na mwimbaji anapomaliza ubeti wa mwisho, shikilia mdomoni ile sauti inayokufanya uone kwamba wimbo umefika nyumbani. Iimbe kwa "mmm" ndefu. Hiyo ndiyo namba 1.

Aliyelelewa kwenye kwaya ana nafasi nzuri hapa, kwa sababu solfa aliyofundishwa ni mfumo huuhuu kwa majina mengine: do ni 1, re ni 2, mi ni 3, fa ni 4, so ni 5, la ni 6 na ti ni 7. Mwalimu wa kwaya anapotoa "do" kabla ya wimbo, anawapa waimbaji namba 1. Usiache ulichonacho ukaanza kujifunza upya.

Sasa ndipo uchukue gitaa, utafute sauti hiyo kwenye uzi mnene kabisa, freti moja baada ya nyingine. Kwa wimbo wetu utaipata kwenye uzi wa sita ukiwa wazi, yaani E.

Tahadhari: usidhani kwamba kodi ya kwanza ya wimbo ndiyo nyumbani. Mara nyingi ndiyo, lakini nyimbo nyingi huanza kwenye 4, kwenye 5 au kwenye 6 ya maina (minor), na aliyekosea hapa ataandika karatasi nzima kwa namba zisizo zake. Mwisho wa wimbo ni shahidi mzuri kuliko mwanzo.

Umefaulu iwapo unaweza kusimamisha wimbo popote, hata katikati ya neno, na bado ukaimba sauti ya nyumbani bila kuitafuta.

Hatua ya 2: Hesabu vipimo kabla ya kufikiria kodi

Kipimo ni hesabu moja ya "moja, mbili, tatu, nne" katika nyimbo nyingi, au "moja, mbili, tatu" katika waltzi. Cheza wimbo, gonga mguu, na kila unapofika kwenye "moja" chora mstari mmoja mfupi kwenye karatasi. Baada ya mistari minne, shuka chini.

Sababu ya kutangulia na vipimo ni hii: mpiga gitaa anayejua kodi zote lakini hajui kila moja inakaa muda gani hawezi kupiga na wenzake, ilhali anayejua urefu wa ubeti anaweza kukosa kodi moja na bado akafika mwisho pamoja nao. Kwenye studio kosa la kwanza huharibu rekodi nzima, na la pili hurekebishwa.

Sauti ikiingia peke yake kabla ya vyombo, neno la kwanza mara nyingi silo pigo la kwanza. Subiri mahali ambapo mguu wako unataka kwenda chini kwa uzito, ndipo uanze. Tena, wimbo wetu una mwendo wa kuyumba, ambapo kila pigo lina mtikisiko ndani yake. Usihesabu mitikisiko, hesabu mapigo.

Umefaulu iwapo umehesabu ubeti uleule mara tatu na ukapata idadi ileile mara zote. Kwa "Heartbreak Hotel" ni mistari minane. Ukipata saba mara moja na tisa mara nyingine, usiende mbele.

Hatua ya 3: Fuata besi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu husikiliza gitaa. Gitaa la solo linazungukazunguka na gitaa la ridhimu limejaa sauti sita kwa wakati mmoja, lakini gitaa la besi, au besi kubwa ya kusimama kama ilivyokuwa kwenye rekodi hizo, kwa kawaida hupiga mzizi wa kodi, yaani sauti inayoipa kodi jina lake, kwenye pigo la kwanza la kipimo. Ukiusikia mzizi, umeipata namba.

Vaa spika za masikioni. Chukua kipimo kimoja kimoja, na kwenye kila "moja" imba sauti ya besi, kisha panda au shuka kwa solfa kutoka nyumbani hadi uifikie. Ukiimba "do, re, mi, fa" na ukasimama kwenye fa, besi iko kwenye 4. Iandike chini ya mstari wako. Fanya hivyo kwa vipimo vyote vinane, na karatasi yako itasomeka hivi:

1 1 1 1
4 4 5 1

Angalia kwamba bado hujagusa kodi hata moja.

Besi inapotembea, yaani inapopiga sauti tofauti kwenye kila pigo, isikilize kwenye pigo la kwanza pekee. Sauti nyingine ni ngazi za kupandia kuelekea kodi inayofuata. Na ukisikia kwamba besi iko kwenye sauti moja lakini kodi ya juu ni ya namba nyingine, andika kodi kwanza, mkwaju, kisha sauti ya besi: 1/3 ni kodi ya kwanza yenye sauti ya tatu chini yake.

Hatua ya 4: Zipe namba tabia zake

Namba tupu ni kodi ya meja (major). Kodi ya maina hupewa kistari baada ya namba: 2-, 3-, 6-. Katika ufunguo wa G, kwa mfano, 1 ni G, 2- ni Am, 3- ni Bm, 4 ni C, 5 ni D, na 6- ni Em. Kodi inayojengwa juu ya sauti ya saba ya kawaida ni nadra katika nyimbo za kantri. Utakayokutana nayo zaidi ni ♭7, ambayo katika G ni F, na alama ya flati hutangulia namba ili msomaji aione kabla hajaweka mikono.

Usiweke kistari kwa mazoea. Katika kantri ya zamani kodi ya pili mara nyingi ni meja, hasa inapoelekea kwenye 5, na katika ufunguo wa G hiyo ni A, si Am. Ukiandika 2- kwa sababu kitabu kinasema ya pili ni maina, utapiga kodi yenye huzuni pale ambapo rekodi ina mwanga. Sikio ndilo linaloamua.

Kodi zenye saba, kama G7, huandikwa kwa tarakimu ndogo juu: 5⁷, 1⁷. Naomba msomaji azingatie hili kwa dhati. Katika rekodi moja ya kwaya niliyoshiriki niliandika kwa haraka 57, tarakimu zote zikiwa sawa kwa ukubwa, na mpiga besi akasoma kodi mbili ndani ya kipimo kimoja, ya tano kisha ya saba. Waimbaji thelathini walisimama, tukaanza upya, na sauti ya tatu iliyokuwa imetulia vizuri haikurudi tena siku ile. Tangu hapo saba yangu huwa nusu ya ukubwa wa namba na imekaa juu kabisa ya bega lake.

Umefaulu iwapo mtu mwingine anaweza kuusoma ubeti wako kwa sauti, namba baada ya namba, bila kukuuliza swali.

Hatua ya 5: Weka alama za muda

Namba moja ni kipimo kimoja kizima. Kila kisichofuata kanuni hiyo kinahitaji alama, na alama hizi ndizo zinazofanya karatasi isikike kama rekodi. Bila hizo una orodha ya kodi tu.

*Kodi mbili ndani ya kipimo kimoja.* Kwa mkono, pigia mstari chini ya zote mbili. Hapa kwenye uchapaji nitatumia mabano: (4 5) maana yake mapigo mawili ya 4 na mawili ya 5. Kama mgawanyo si sawa, weka vidoti juu ya kila namba kuonyesha idadi ya mapigo, vitatu juu ya ya kwanza na kimoja juu ya ya pili.

*Kodi inayopigwa mara moja na kuachwa ilie.* Chora almasi kuizunguka namba. Kila chombo kinapiga pigo la kwanza na kunyamaza huku sauti ikififia. Almasi hutumika sana mwishoni mwa wimbo na pale mwimbaji anapoachiwa nafasi.

*Kodi inayopigwa na kukatwa.* Weka kikofia kidogo juu ya namba. Nyuzi hupigwa na kuzibwa palepale kwa kiganja. Rudi kwenye mwanzo wa kila ubeti wa "Heartbreak Hotel": sauti inaimba karibu peke yake, na mwisho wa mstari vyombo vinaingia kwa mapigo mawili makali, kisha kimya. Ukiandika 1 tupu hapo, msomaji atajaza kimya chote kwa ridhimu na ubeti utapoteza upweke wake. Andika vikofia, na pembeni andika kwa maneno: "mapigo mawili, nyamaza."

*Kodi inayowahi.* Mshale mdogo juu ya namba huonyesha kwamba kodi inaingia nusu pigo kabla ya zamu yake.

Kwa kuwa waandishi hutofautiana katika alama chache za mwisho, andika maana yake kwenye kona ya juu ya karatasi mara ya kwanza unapofanya kazi na kundi jipya.

Huu ni ubeti wa vipimo kumi na sita nilioutunga kwa ajili ya zoezi, wenye sura ya kantri ya miaka hiyo:

1 1 4 1
1 6- 2 5
1 1⁷ 4 4
1 5 (1 4) 1

Upige kwanza katika G: G, G, C, G, kisha G, Em, A, D, kisha G, G7, C, C, na mwisho G, D, mapigo mawili ya G na mawili ya C, halafu G. Sikiliza jinsi 1⁷ inavyousukuma wimbo kuelekea 4. Msukumo huo ukiuzoea, utaanza kuitambua 4 kabla haijafika, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa nyepesi.

Hatua ya 6: Wimbo wa maina

Wimbo wa A maina huandikwa kana kwamba uko katika C, na nyumbani pake panakuwa 6-. Solfa inafanya hivyohivyo inapoanzisha wimbo wa maina kwenye la. Juu ya karatasi andika "C, unaanzia 6-", ili mpiga kinanda asije akaweka C meja mahali pasipoihitaji.

Hatua ya 7: Piga katika funguo tatu, siku hiyohiyo

Usilale kabla hujaupiga wimbo katika funguo tatu, kwa sababu wimbo uliopigwa katika ufunguo mmoja huingia vidoleni na namba husahaulika. Chukua vipimo vinane vya hatua ya tatu. Katika E: E mara nne, A mara mbili, B, E. Katika A: A mara nne, D mara mbili, E, A. Katika C: C mara nne, F mara mbili, G, C. Soma namba, si kumbukumbu ya vidole.

Kisha nenda kwenye ufunguo unaokutisha. Mwimbaji akisema E♭, namba zinabaki zilezile: E♭ mara nne, A♭ mara mbili, B♭, E♭. Unaweza kuzipiga kwa kodi za kufunga, yaani zile ambazo kidole kimoja hulala juu ya nyuzi zote, au kuweka kapo kwenye freti ya 1 na kutumia mikao ya D, au kwenye freti ya 3 na kutumia mikao ya C. Wapiga gitaa wawili wakiwepo, mmoja achukue freti ya 1 na mwingine ya 3. Kodi zitakuwa zilezile lakini nyuzi zitalia kwa mpangilio tofauti, na ridhimu itapanuka bila mtu yeyote kuongeza nguvu.

Kapo ina hatari yake: ukiwa nayo kwenye freti ya 3 na mwenzako akauliza "uko kodi gani?", usimjibu "C". Mjibu "moja". Mabishano mengi yanayozuka kwenye mazoezi hutokana na jibu hilo moja.

Umefaulu unapobadilisha ufunguo kati ya ubeti na kiitikio bila kusimama na bila kuandika chochote upya.

Hatua ya 8: Chagua sehemu yako ndani ya wimbo

Karatasi inakuambia kodi gani na kwa muda gani. Haikuambii upige nini, na hapa ndipo ninapowasikitikia wapiga gitaa wengi wazuri, kwa sababu wakishaisoma karatasi hupiga kila kitu. Magitaa matatu yakipiga kodi kamili katika sehemu ileile ya shingo, msikilizaji anasikia tope.

Rekodi za Nashville zilikuwa na magitaa matatu au zaidi mara nyingi, na hayakugombana. Sikiliza rekodi za Patsy Cline: Harold Bradley anapiga besi ya umeme ya nyuzi sita, anazibana nyuzi kwa kiganja, anaufuata mstari wa besi kubwa ili kila sauti ya chini ipate ncha inayosikika hata kwenye redio ndogo. Ray Edenton anashika ridhimu ya gitaa kavu, sawasawa, bila pambo. Katika "El Paso" wa Marty Robbins wa mwaka 1959, Grady Martin yuko kwenye gitaa la nyuzi za nailoni, na anazungumza pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Fuata utaratibu huo. Kabla ya kuanza, tazama nani tayari yuko chini, nani yuko katikati na nani yuko juu. Kama kuna ridhimu moja, usiwe ya pili kwenye mikao ileile. Panda juu ya shingo na upige nyuzi tatu nyembamba tu, au weka kapo. Kama wewe ndiye solo, chora duara dogo kwenye karatasi mahali ambapo mstari wa mwimbaji unaisha, na upige ndani ya maduara hayo peke yake. Ubeti wa kwanza ukiwa na maduara manne, jaza mawili.

Jirekodi kwa simu, iwekwe mbali kidogo, kisha sikiliza maneno ya mwimbaji. Neno lolote lisilosikika, tafuta ni gitaa lipi lililokuwa linapiga wakati huo. Kama ni lako, futa duara hilo kwa kifutio.

Jaribio

Chagua wimbo wa kantri ambao hujawahi kuupiga. Nyimbo za Jim Reeves zinafaa, na wasomaji wengi wa Kenya wana kaseti zake nyumbani tangu enzi za wazazi wao. Usikilize mara mbili tu, penseli mkononi: mara ya kwanza nyumbani na vipimo, mara ya pili besi na alama. Mpe mtu karatasi, akutajie ufunguo wowote anaotaka, na muanze pamoja. Mkifika mwisho wa kiitikio cha kwanza bila kusimama, weka tarehe kwenye kona ya karatasi na uihifadhi pamoja na nyingine, kwa alfabeti, kwa sababu mwimbaji atakayeuomba wimbo huo mwaka ujao ataomba ufunguo mwingine, na karatasi ileile itakuwa tayari kwake.